Jua, Katiba na Stima: Sheria ya Kawi Inavyogusa Kaskazini Mashariki (Sehemu ya 2)

Kifungu cha 260 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaeleza maana ya maliasili, na cha kwanza kutajwa katika orodha hiyo ni mwanga wa jua. Baada yake ndipo yanapofuata maji, misitu, miamba, madini na vyanzo vingine vya kawi. Kwa wenyeji wa Garissa, Wajir na Mandera, mpangilio huo una uzito wake. Nchi yao ni kavu, miji iko mbalimbali, na mvua ni ya kusubiriwa. Lakini jua halikosekani kwenye boma lolote. Kifungu cha 69 kinaitwika serikali wajibu wa kuhakikisha kwamba faida za maliasili zinagawanywa kwa haki. Kwa hiyo sheria inayoamua nani azalishe umeme wa jua, nani ausambaze na nani anufaike nao ni sheria inayohusu mali ambayo Katiba yenyewe imekwisha kuitambua.

Uvunaji wa mali hiyo kwa kiwango kikubwa ulizinduliwa rasmi tarehe 13 Desemba 2019, Rais Uhuru Kenyatta alipofungua kituo cha umeme wa jua cha Garissa katika eneo la Raya. Kituo hicho kimetandazwa kwenye hekta 85. Kina paneli 206,272, kila moja ya wati 265, ambazo kwa pamoja zinafikia takriban megawati 54.7, ilhali umeme unaokusudiwa kuingia kwenye gridi ni megawati 50. Ujenzi wake uligharimu zaidi ya shilingi bilioni 13, kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, chini ya usimamizi wa shirika la serikali la umeme wa mashinani ambalo leo linajulikana kama REREC.

Ni muhimu kufahamu umeme huo unakwenda wapi. Paneli hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, vigeuzi huufanya kuwa mkondo geu, kisha transfoma huupandisha volteji hadi kilovoti 132. Kwa volteji hiyo huingia katika laini inayounganisha Garissa na Kindaruma kupitia Mwingi, na kuchanganyika na umeme wa mabwawa ya mto Tana, wa jotoardhi ya Olkaria na wa upepo wa Ziwa Turkana. Mchana, umeme wa Raya husaidia kuendesha viwanda vilivyo mbali na Garissa. Usiku paneli zinapolala, mji wa Garissa huwashwa kwa umeme uliozalishwa kwingine. Boma lililo karibu na ua wa kituo linaweza kukaa gizani, kwa sababu umeme wa kilovoti 132 hauingii nyumbani. Lazima ushushwe kwenye kituo kidogo, upitishwe katika laini za usambazaji, ushushwe tena na transfoma ya mtaa, ndipo ufike kwenye mita. Kuzalisha, kusafirisha na kusambaza ni kazi tatu tofauti, na sheria inazitolea leseni tatu tofauti.

Utengano huo haukuja siku moja. Sheria ya Umeme ya mwaka 1997 ndiyo iliyofungua njia ya kuutenga uzalishaji, uliokwenda kwa KenGen, na usambazaji, uliobaki kwa kampuni ambayo sasa ni Kenya Power. Sheria ya Kawi ya mwaka 2006 ikaunda tume ya kudhibiti sekta pamoja na mamlaka ya kupeleka umeme vijijini. Kazi ya kujenga laini mpya kubwa ilikabidhiwa KETRACO, kampuni iliyoundwa mwaka 2008. Kisha ikaja Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 28 Machi mwaka huo. Sheria hii ilifuta ile ya 2006 na Sheria ya Jotoardhi ya 1982, ikaigeuza tume ya udhibiti kuwa mamlaka ijulikanayo kama EPRA, na ikaipa REREC jukumu la kuendeleza kawi jadidifu pamoja na ile kazi ya zamani ya umeme wa mashinani.

Jambo jipya zaidi katika sheria ya 2019 ni nafasi ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba liliigawa kawi kati ya ngazi mbili: sera na udhibiti wa kitaifa zikabaki Nairobi, huku mipango ya kaunti, ikiwemo usambazaji wa umeme na gesi, ikikabidhiwa magatuzi. Kwa kuufuata mgawanyo huo, sheria inaitaka kila serikali ya kaunti iandae mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri, ili mipango yote iunganishwe kuwa mpango mmoja wa taifa. Huo mpango ndio karatasi inayoonyesha zahanati ipi haina jokofu la chanjo, kisima kipi kinasukumwa kwa dizeli, na shule ipi inafaa kuwekewa paneli badala ya kungoja laini. Kaunti ikichelewa kuuandaa, mahitaji yake yatakadiriwa na watu walio mbali nayo.

Kuhusu mgao wa faida, sheria haitendi sawa kwa vyanzo vyote. Kwa jotoardhi imeweka mrabaha: asilimia 75 huenda kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti inakotoka, na asilimia 5 kwa jamii ya mahali hapo. Kaunti yenye mvuke, kama Nakuru, ina pa kushika. Mwanga wa jua haukuwekewa kifungu cha namna hiyo. Sababu yaweza kueleweka: mvuke huchimbwa kutoka hazina iliyo chini ya ardhi ambayo sheria imeikabidhi serikali, ilhali jua halipungui kwa kutumiwa. Hata hivyo, kituo cha jua hutwaa ardhi, na ardhi ya Kaskazini Mashariki ni malisho. Hekta 85 zilizozungushiwa ua ni hekta ambazo ngamia na mbuzi hawapiti tena.

Hapo ndipo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inapokuwa muhimu kuliko Sheria ya Kawi yenyewe. Inaagiza kwamba mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii ufanyike baada ya mashauriano ya wazi, na uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima katika baraza la jamii. Lakini jamii inayoweza kutia saini ni ile iliyosajili ardhi yake. Ardhi isiyosajiliwa hushikiliwa na kaunti kwa niaba ya wenyewe, na fidia yake pia huwekwa na kaunti hadi usajili ukamilike. Kwa hiyo ukoo unaotaka kunufaika na kituo kijacho cha jua, iwe kwa kodi ya ardhi, ajira au maji, unapaswa kuanzia kwenye ofisi ya msajili wa ardhi, kabla mwekezaji hajafika.

Mbali na mji wa Garissa, hali ni nyingine kabisa. Wajir, Mandera na miji kama Elwak na Habaswein ilikua ikitegemea vituo vya dizeli vilivyojitenga na gridi, baadhi vikiongezewa paneli za jua, na Habaswein ikiongezewa pia mitambo ya upepo. Mafuta husafirishwa kwa malori kwa mamia ya kilomita, hivyo umeme huo ni ghali kuzalisha. Mteja wa Kenya Power wa huko hatozwi gharama hiyo peke yake, kwa sababu bei imewekwa sawa nchini kote na gharama ya mafuta hugawanywa kwa wateja wote. Ni haki ambayo haionekani kwenye tokeni, lakini bila hiyo kinyozi wa Mandera angefunga kibanda chake.

Ili kupunguza dizeli na kuwafikia walio nje ya nyaya zote, serikali ilianzisha mradi wa KOSAP, ulioidhinishiwa dola milioni 150 na Benki ya Dunia mwaka 2017. Mradi huo unahusu kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zikiwemo zote tatu za Kaskazini Mashariki. Kwa pamoja kaunti hizo ni karibu asilimia 72 ya eneo la Kenya, lakini zina takriban asilimia 20 tu ya watu. Takwimu hizo mbili zinatosha kueleza kwa nini kuvuta nyaya hadi kila manyatta hakuwezekani kwa bei ya kawaida. Ndiyo maana mradi ulipangiwa gridi ndogo za vijiji, paneli za nyumbani, umeme wa jua wa shule na zahanati, na pampu za visima.

Familia inayonunua paneli yake yenyewe nayo inaguswa na sheria. Kanuni za mwaka 2012 zinamtaka fundi wa sola awe na leseni, jambo ambalo ni kinga dhidi ya kazi mbovu na betri zinazokufa mapema. Ushuru nao una nguvu: Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, na ile ya 2021 ikaurejesha. Bei ya paneli dukani inaweza kupanda au kushuka kwa mstari mmoja wa sheria ambayo haina neno kawi katika jina lake.

Hatimaye, kifungu cha 162 cha Sheria ya Kawi kinamruhusu mteja mwenye mtambo wa kawi jadidifu usiozidi megawati moja kurudisha ziada yake kwenye mtandao wa msambazaji na kuhesabiwa kwa umeme huo. Kanuni za utekelezaji zilitoka mwaka 2024. Hospitali, hoteli au madrasa ya mjini Garissa yenye paa pana inaweza kuitumia haki hiyo. Mfugaji wa Eldas, katika kaunti ya Wajir, aliye mbali na nyaya hawezi, kwa kuwa hana mtandao wa kuurudishia. Kwake yeye haki inapitia mlango mwingine: mpango wa kawi wa kaunti yake, ambamo kisima chake ama kimeandikwa au hakikuandikwa.