Mionzi Midogo na Macho ya Mhudumu wa Afya

Madaktari na wauguzi wanaozibua mishipa ya moyo kwa kuongozwa na picha za eksirei hupata mionzi kidogo katika kila tiba. Mingi kati ya hiyo hutawanywa na mwili wa mgonjwa aliyelala mezani. Aproni ya risasi hukinga kifua na tumbo, lakini macho hubaki wazi. Baada ya miaka mingi, lenzi ya jicho huweza kuingia ukungu, yaani mtoto wa jicho.

Ndiyo maana mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilipendekeza kikomo cha lenzi kwa wafanyakazi kishushwe kutoka milisiveti 150 kwa mwaka hadi wastani wa 20.

Miwani ya risasi, kioo cha kinga na kusogea nyuma hatua moja hupunguza mionzi kwa kiasi kikubwa. Beji ya kupimia mionzi nayo ivaliwe kila siku. Ikiachwa kabatini, mhudumu hatajua kiasi alichopata. Mgonjwa naye asikatae tiba anayoihitaji kwa hofu, kwani yeye hukutana na mionzi hiyo mara chache, ilhali mhudumu huishi nayo kazini.