Kabla ya Kuhamia Kipushi, Ulizeni

Tangu mgodi wa Kipushi ulipoanza tena kutoa zinki mwaka 2024, vijana wa Lubumbashi wenye ndoa changa wanatuuliza: pasta, tuhamie kule? Kodi ya nyumba inatubana, mtoto wa kwanza anaanza kutembea, wa pili yuko tumboni, na Kipushi ni kilomita 30 hivi tu. Wanataka tuwaombee. Tutawaombea. Lakini someni Hesabu 13, kuanzia mstari wa 17. Mungu alikuwa amekwisha kuahidi nchi, na bado Musa aliwatuma watu wakiwa na maswali ya kawaida kabisa: watu ni wengi ama wachache, udongo una rutuba ama hauna, miti iko ama haiko. Tena walete matunda ya kule, wasirudi na maneno matupu.

Ulizeni kwanza mji ule unakula nini. Kipushi ulikua kwa sababu ya mgodi. Shaba na zinki vilichimbwa pale tangu miaka ya 1920, kisha mwaka 1993 kazi ikasimama, ikakaa miaka zaidi ya 30. Wazee wa Katanga hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mshahara wa mji ukitoka mlango mmoja na mlango ule ukafungwa, muuza mkate anafungiwa pia, na fundi wa nguo, na mwalimu anayelipwa na wazazi. Kwa hiyo baba asome mkataba wake vizuri. Ni wa mwaka ama wa miezi mitatu? Ni wa mgodi wenyewe ama wa kampuni ndogo inayokodisha wafanyakazi? Kwa mkataba wa miezi mitatu, mimi sioni sababu ya kupakia vitanda kwenye lori. Aende na kurudi kwanza, ama apange chumba kimoja kule.

Na kazi ya mama? Watu husahau hesabu hii. Kama anauza katika soko la Kenya, wateja wake hawahami pamoja naye. Aende yeye mwenyewe soko la Kipushi, aulize bei ya meka ya unga na ya mfuko wa makala. Mpaka wa Zambia uko karibu, hilo ni faida kwa mwenye biashara. Lakini Zambia ikifunga mahindi yake, sufuria zetu zote zinajua. Kodi ya bei ndogo inaweza kuliwa yote na nauli ya kurudi Lubumbashi kila juma.

Sasa maji na vumbi. Hapa nitakaa kidogo. Katika 2 Wafalme 2, watu wa Yeriko walimwambia Elisha kwamba mji wao unapendeza kwa macho, lakini maji ni mabaya. Wenyeji wenyewe ndio waliosema. Nanyi waulizeni akina mama wanaochota, msimwulize mwenye nyumba anayetafuta mpangaji. Bomba linatoa maji siku ngapi kwa juma? Kisima kina kifuniko? Choo kiko umbali gani nacho? Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, kisima bado kina maji?

Katika miji yetu ya migodi kuna jambo lingine lisiloonekana kwa macho. Mwaka 2009 watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, chini ya kilomita tatu, walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto walizidi. Mtoto anacheza chini, anatia mkono mdomoni. Basi mtafute nyumba iliyo mbali na mgodi, na mbali na uchafu wake wa zamani uliorundikwa. Mkiwa tayari mnakaa karibu, pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, msianike unga chini, watoto wanawe mikono kabla ya kula. Nyumba ya bei ndogo sana pembeni ya mgodi ina sababu ya kuwa na bei ndogo.

Kwa mama mwenye mimba, nendeni hospitali mkaulize bila haya: wanafanya operesheni ya uzazi usiku? Damu iko? Saa nane ya usiku, nani atawabeba, na kwa pesa ngapi? Kwa shule, msingi wa serikali ni bure tangu 2019, kwa hiyo msiulize bei peke yake. Ingieni darasani mkahesabu watoto katika benchi moja.

Nyumba: sheria ya mwisho wa 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Anayedai sita, mwonyesheni sheria, kwa upole. Mhakikishe pia kwamba anayepokea pesa ndiye mwenye parseli.

Kanisa mtapata, makanisa hayakosekani. Ila mchungaji wa kule akiwaambia njooni tu, Mungu atafungua, mwulizeni yeye anachota maji wapi.

Nendeni mara mbili, wote wawili, tena mlale. Mara moja mwisho wa kiangazi, wakati wa vumbi na visima vya chini. Mara nyingine Januari ama Februari, mwone barabara na mitaa ikiwa na matope. Mkikubaliana, hameni Julai ama Agosti, mtoto wa shule aanze Septemba pamoja na wenzake. Na kama mmoja wenu bado anasema hapana, msilipe garanti.