Haydn, Msee wa Sare Aliyeomoka

Ukitaja Mozart, wasee wako rada. Beethoven pia, fiti. Sasa taja Haydn uone venye watakuangalia tu. Hiyo huniuma, juu huyu buda ndiye aliwafungulia njia.

Joseph Haydn alizaliwa 1732 Rohrau, Austria, mtoi wa fundi wa magurudumu. Aliimba kwaya ya kanisa Vienna hadi sauti ikavunjika, wakamtoa, akasota kinoma. 1761 ndio alipata mboka kwa ukoo wa Esterházy, masonko wa ukweli. Lakini cheki kandarasi: avae sare na soksi nyeupe, kila asubuhi na mchana aende kuuliza kama mdosi anadai ngoma, na chochote atatunga ni mali ya mdosi. Kumpea msee mwingine kopi bila ruhusa? Zi.

1772 ndio kulichemka. Mdosi Nikolaus alikuwa amekwama kwa jumba lake la Eszterháza, Hungary, haishi kuongeza siku, na mbogi ya wanamuziki ilikuwa imeacha mabibi zao Eisenstadt. Kulalamika ingekuwa hatari, so Haydn akatunga simfoni, ile namba 45. Mwishoni ngoma inapoa, msee wa obo na wa honi wanamaliza yao, wanazima mishumaa, wanaishia. Mwingine anafuata. Na mwingine. Zinabaki vayolini mbili zikinong'ona. Nikolaus akashika form hapo hapo, na kesho yake watu wakafunga virago. Kwangu, huo ndio mgomo mtamu kushinda yote nimewahi skia.

1779 kandarasi ikaandikwa upya na Haydn akaweza kuuza kazi yake mwenyewe. Nikolaus alipodedi 1790, promota Johann Peter Salomon akamfuata na dili ya London. Akaenda mara mbili, akatunga simfoni 12, Oxford wakampea udaktari, na ganji ikaingia.

Mozart, beste yake, alikataa kungoja. 1781 akamhepa askofu mkuu wa Salzburg, ambaye alikuwa anamkalisha meza moja na wapishi, akaanza kuhustle solo Vienna. Akadedi 1791 na madeni, miaka 35 tu. Mwaka uliofuata Beethoven akatua Vienna kusomeshwa na Haydn, na 1809 masonko watatu wakakubali kumlipa Beethoven florini 4,000 kila mwaka, bora tu asihame.

Ukitaka kuanza kumskiza Haydn, weka 45 mpaka mwisho kabisa. Halafu rukia 104, ile alifungia nayo London.