Mawe ya Kiwandani Yaliyopanda Mlimani

Tundu lenyewe ni dogo. Kidole gumba kinaingia na nafasi inabaki. Lilikuwa limejaa maji ya mvua ya jana yake, na ukingo wake ulikuwa na duara jekundu la kutu. Nililiona kwenye jiwe la njia nilipoinama kufunga kamba ya kiatu, juu kabisa ya nyika ya mlimani, saa kadhaa za kutembea kutoka kijiji cha Edale katika jimbo la Derbyshire, Uingereza. Nikatazama jiwe la mbele yake: matundu mawili. La tatu halikuwa na kitu. La nne lilikuwa na matundu manne yaliyopangana kama miguu ya meza.

Mahali pale hapana nyumba wala nguzo ya umeme. Kuna kondoo, upepo na udongo mweusi wa mboji uliolowa mpaka ndani. Nani basi alipanda na keekee mpaka huko, akatoboa mawe mamia kwa mamia, kisha akayaacha?

Edale nilikuwa nimeifuata kwa jambo jingine. Hapo, mkabala na baa ya Old Nags Head, ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita 430 hivi inayokwenda kuishia Kirk Yetholm, ng'ambo ya mpaka wa Uskoti. Unashuka kwenye treni ya Manchester na Sheffield, unapita kanisa, na kabla jasho halijakutoka uko shambani kwa mtu. Hilo peke yake lilinipa taabu. Njia inakatiza malishoni, inapita kando ya zizi, karibu ichungulie jikoni, na mpita njia hamwamkii mtu. Mara mbili nilijikuta nimefungua kinywa kupiga hodi. Haikuhitajika. Njia ile ni haki ya umma, imechorwa kwenye ramani rasmi za halmashauri, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuifunga.

Lakini matundu hayakuniacha. Siku ya pili nilirudi kule juu, na safari hii nikakuta mtu amepiga goti, mtaimbo mkononi.

Ni mzee wa umri wa kupokea pensheni, mmoja wa wale wanaojitolea kuangalia njia: kuzibua mifereji, kukaza malango, kurudisha jiwe lililohama. Aliniomba nisimtaje jina, kwa kuwa kazi ile, alivyosema, si ya mtu mmoja. Nilipomwuliza juu ya matundu alicheka kwanza, halafu akakaa kitako juu ya jiwe kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo miaka mingi.

"Hapo ndipo mtambo uliposimama," alisema, akigonga jiwe kwa kisigino.

Mawe yale ni sakafu. Yalitoka kwenye viwanda vya pamba vilivyobomolewa upande wa Lancashire, vile vilivyoivisha nguo nusu ya dunia kabla ya kufungwa kimoja baada ya kingine. Mitambo ya kufumia ilitikisika mno, ikabidi ifungwe kwa bolti kwenye mawe ya chini. Viwanda vilipovunjwa, vyuma vikaenda kwa wanunuzi wa vyuma, na mawe yakabaki: mapana, mazito, bapa, yaani ndiyo hasa aliyokuwa akiyatafuta mtu mwenye njia iliyozama matopeni. Yakafungwa mafungu mafungu, yakaning'inizwa chini ya helikopta, yakaletwa mlimani.

Mzee alinishika mkono akanionyesha namna ya kulisoma jiwe. Upande wenye matundu uso wake unaparuza, bado una makwaruzo ya patasi ya mchonga mawe. Hapo palikuwa chini ya mtambo, hapakukanyagwa. Sogeza kiganja shibiri mbili hivi na utakuta jiwe limebonyea, laini kama sabuni iliyotumika. Hapo ndipo mfumaji aliposimama. Wafumaji, wengi wao wanawake, walivaa viatu vya soli za mbao zilizopigwa vyuma chini, mitalawanda ya kwao, na hatua zao za kwenda na kurudi kati ya mitambo zililila jiwe taratibu. Kelele za mle ndani zilizidi sauti ya binadamu. Walizungumza kwa kusomana midomo, na wengine walifika nyumbani masikio yamekwisha kufa. Mzee aliyaeleza haya akipunguza sauti, kama tunavyofanya tunapotaja marehemu.

Nilibaki na kiganja changu mle bondeni mwa jiwe. Baridi yake ilipanda mpaka kwenye kiwiko.

Kilichofuata ndicho nilichokiona kizito zaidi, naye alikisema kwa wepesi, huku akifuta mtaimbo. Moshi wa miji ya viwanda, Manchester upande mmoja na Sheffield upande wa pili, ulipandishwa na upepo mpaka huku kwa zaidi ya karne moja. Mvua ikawa ya tindikali. Sfagnamu, ile mimea laini inayonyonya maji kama sponji na kujenga mboji, ikafa. Mboji ikabaki uchi. Mvua ikaichana, upepo ukaipeperusha. Halafu Pennine Way ikafunguliwa mwaka 1965, wakaja watembeaji kwa maelfu. Kila mmoja akakwepa tope la mwenzake kwa kupita kando, mpaka njia ya futi mbili ikawa jeraha la makumi ya mita. Kule Black Hill, mbele zaidi kwenye njia hii, Alfred Wainwright, mwandishi wa vitabu vya milima ambaye Waingereza wanamheshimu kama sheikh, alizama matopeni mpaka akavutwa nje.

Kwa hiyo viwanda vilituma moshi kuuua mlima, na vilipokufa vyenyewe sakafu zao zikaletwa kuuganga. Mawe yamelazwa juu ya mboji, hayana msingi. Yanaelea kama chelezo, na uzito wa mtu unatawanyika. Watu wakifuata mstari mmoja, kando yake majani yanarudi. Mzee alinionyesha mimea ya sfagnamu iliyopandwa upya kwa mkono, kijani cha kung'aa, futi tatu kutoka kwenye tundu la bolti.

Si wote waliofurahi. Wapo wanaosema mlima umegeuzwa kuwa kando ya barabara ya mjini, kwamba aliyekuja kutafuta nyika anapewa lami ya mawe. Mzee hawabezi. Anasema hata yeye, siku za ukungu, hukerwa na kujua kuwa hawezi kupotea.

Nilimwuliza kama waliofanya kazi viwandani waliwahi kutembea huku. Aliinua mtaimbo akaelekeza mahali pa wazi mbele yetu, Ashop Head. Zamani nyika hii ilikuwa ya matajiri wa kuwinda ndege, ina walinzi na marungu. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wapatao mia nne, wengi wao wafanyakazi na wasio na kazi kutoka Manchester, walipanda kutoka upande wa Hayfield bila ruhusa ya mtu. Wenzao wa Sheffield walipanda kutokea Edale, wakakutana hapo. Watano walifungwa jela. Benny Rothman, aliyekuwa na miaka 20, alipewa miezi minne. Sheria ya njia na mbuga za taifa ilikuja mwaka 1949, na ya kutembea huru nyikani mwaka 2000. Hata sasa uhuru huo wa kuacha njia na kuzurura unahusu kama asilimia 8 tu ya ardhi ya England.

Hapo mzee alinyamaza. Mtu aliyetaka kupanda mlima akakatazwa, jiwe alilosimamia kazini limepandishwa kwa helikopta. Sijui kama yeye aliliona hivyo, mimi nililiona.

Na pamba yenyewe? Ilitoka Marekani, Misri, India, na tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini Waingereza walihimiza kilimo chake Uganda ili viwanda hivi visikose. Je, yupo mkulima wa Busoga ambaye jasho lake lilipita juu ya jiwe hili likiwa uzi? Jiwe halina daftari.

Tuliposhuka, mzee alinionyesha kwa mbali Hollins Cross, mgongo wa mlima unaoitenga Edale na Castleton. Kabla Edale haijapata kanisa lake, maiti walibebwa kupita pale kwenda kuzikwa ng'ambo. Baadaye, kiwanda cha pamba kilipojengwa Edale mwaka 1795, njia ileile ilipitwa na vibarua wakija kazini. Leo ina mawe, na jioni ile nilihesabu watu kumi na mmoja juu yake wenye mabegi ya rangi za maua.

Aliniuliza, kwetu kiwanda cha nguo kikifa sakafu yake huenda wapi. Nikakumbuka majengo mawili matatu, mageti yenye kufuli, mabati yanayopigwa na upepo. Nilikuwa bado natafuta jibu alipoona jiwe linalochezacheza, akasimama, akaingiza ncha ya mtaimbo chini yake na kuniomba nikanyage upande wa pili.