Kigali: Wapenzi wanapoambiwa kuwa ni ndugu

Kijana na binti wamependana, familia zao zinakutana kupanga harusi, na ghafla mzee mmoja anatamka kwamba wawili hao ni ndugu. Kisa cha aina hii ni cha zamani katika vichekesho vya mapenzi duniani. Mjini Kigali, hata hivyo, kina misingi yake ya pekee: jinsi Wanyarwanda wanavyopeana majina, jinsi wanavyoitana katika ukoo, na historia iliyowaondoa wengi wa wale waliojua nani ni mtoto wa nani.

Mfano mashuhuri wa kisa hiki ni tamthilia ya Ndoa ya Figaro ya Mfaransa Beaumarchais, iliyooneshwa hadharani mjini Paris mwaka 1784. Mwanamke aitwaye Marceline anamdai Figaro fedha na anataka amuoe kama malipo. Kisha alama iliyo mkononi mwa Figaro inafichua kwamba yeye ni mwanawe aliyepotea utotoni. Aliyetaka kuwa mke anageuka kuwa mama, na kesi inaishia hapo.

Katika vichekesho vingine mambo huenda kinyume: udugu unaodhaniwa unathibitika kuwa si wa kweli, na wapenzi wanaoana. Kwa vyovyote vile, mtazamaji hucheka bila wasiwasi kwa sababu anajua kwamba kabla ya mwisho atatokea shahidi, awe yaya wa zamani, barua iliyofichwa au alama ya mwilini.

Jina lisilotaja ukoo

Nchini Rwanda, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kinyarwanda lenye maana, na mara nyingi jina la dini huongezwa. Jina la baba si lazima liendelee kwa watoto. Hivyo watoto watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana, ilhali watu wawili wanaoitwa Uwimana, yaani wa Mungu, huenda hawana uhusiano wowote.

Kwa msikilizaji wa Nyamirambo au Biryogo, ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi kadhaa, jambo hili linaonekana wazi zaidi. Mtu anayejitambulisha kwa jina lake, la babake na la babu yake tayari amesoma nusu ya nasaba yake mbele ya wageni. Anayeitwa Mugisha au Keza hajasema chochote kuhusu ukoo wake. Wapenzi wanaweza kufahamiana kwa miaka miwili bila majina yao kuwadokeza lolote, hadi wazee waanze kuulizana.

Neno moja, ndugu wengi

Chanzo cha pili cha mkanganyiko ni istilahi za udugu. Katika Kinyarwanda, ndugu wa kiume wa baba huitwa data wacu, yaani baba yetu, kama vile Waswahili wanavyosema baba mdogo au baba mkubwa. Watoto wake basi ni kaka na dada. Mtoto wa shangazi au wa mjomba ni mubyara, na kati ya ababyara kuna utani unaoruhusiwa, ambao mgeni anaweza kuuchukulia kuwa ni kweli tupu.

Kiswahili nacho kina neno ndugu, linaloweza kumaanisha wa tumbo moja, wa ukoo, wa dini au hata mwenzako wa kazini. Waswahili husema pia binamu nyama ya hamu, kauli ambayo si kila familia ya Kinyarwanda ingeifurahia mbele ya mahari. Kwa Waislamu kuna pia udugu wa kunyonya: watoto walionyonyeshwa na mwanamke mmoja kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya dini hawaoani, hata kama damu zao ni mbali. Shangazi mmoja akikumbuka kwamba aliwahi kumnyonyesha mtoto wa jirani, harusi nzima inaweza kusimama.

Pingamizi za mchezo na za kweli

Sherehe ya posa nchini Rwanda, gusaba, yenyewe ina sura ya mchezo wa kuigiza. Msemaji wa upande wa bwana harusi hukabiliana na msemaji wa upande wa bibi harusi, ambaye huweka pingamizi za kubuni: binti hayupo, ameshaposwa, au familia zina ugomvi wa zamani. Wageni hucheka, kwa kuwa wanafahamu kwamba maswali halisi yaliulizwa na kujibiwa na wazee siku nyingi kabla ya sherehe.

Hapo ndipo kichekesho kinapogusa jeraha. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliua, kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, zaidi ya watu milioni 1 katika muda wa siku zipatazo 100. Baadhi ya watoto wachanga waliookolewa walikua bila kumjua baba, mama wala kilima walichozaliwa. Kwao, kuambiwa kwamba huenda mchumba ni ndugu si mzaha, kwa sababu shahidi ambaye kila tamthilia humleta mwishoni anaweza kuwa aliuawa.

Manusura wamejaribu kuziba pengo hilo. Chama cha wanafunzi manusura, AERG, kilichoundwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Taifa huko Butare, kiliwapanga wanachama katika familia za kuchaguana, zenye baba, mama na watoto, ingawa wote walikuwa vijana. Familia hizo zimesimama kama wazazi katika harusi za wanachama. Hapa pia kuna swali ambalo mtunzi wa filamu angeweza kulishughulikia kwa kicheko na kwa heshima: vijana wawili walioitana kaka na dada kwa miaka mingi wakipendana, ni nini kinachowazuia, ikiwa damu haiwazuii?

Kwa wenye shaka ya damu, vipimo vya vinasaba sasa hufanyika mjini Kigali. Vinajibu vyema zaidi swali la mzazi na mtoto kuliko la binamu wa mbali, na vinahitaji kuwepo mtu wa kulinganishwa naye.

Sheria ya Rwanda inakataza ndoa ya watu wenye udugu wa karibu, na kabla ya ndoa ya kiserikali majina ya wachumba hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo hilo linawauliza majirani swali lile lile ambalo zamani shangazi aliwauliza wazee. Asipojitokeza mtu, wawili hao huapa mbele ya afisa wa serikali, mkono mmoja ukiwa juu na mwingine ukishika bendera ya taifa.