Kabureta Ikisumbua, Msikimbilie Mpya

Ndugu wanakikundi, mashine ya kufyeka nyasi ikilala, mapato nayo yamelala. Hapa Mishomoroni tumeona kabureta nzima zikitupwa bure. Anzeni hivi:

1. Mwageni petroli iliyokaa sana. Huacha utando kama gundi. Tieni mpya na oili yake, kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Nyingi ni mililita 20 kwa lita 1.

2. Safisheni chujio la hewa na lile la ndani ya tangi.

3. Vuteni kamba, kisha fungueni plagi. Ikiloa, tazameni cheche kwanza. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: safisheni vijitundu vya kabureta. Kile kingozi cha ndani kikikakamaa, badilisheni hicho tu.

Kazi ikiisha, mwageni mafuta, injini iungurume mpaka izime yenyewe. Basi, pesa ya kabureta ibaki kwa sanduku la kikundi.