Vijidudu Vinavyolisha Mizizi

Wahenga walisema usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Ng'oa mche wa mahindi utazame udongo ulioshika mizizi. Humo mnaishi bakteria waitwao Azospirilumu, wadogo hata huwaoni bila hadubini.

Mzizi hutoa majimaji yenye sukari na asidi. Bakteria hula hayo, nao hulipa fadhila kwa kutengeneza homoni iitwayo auksini. Homoni hii huufanya mzizi utoe matawi na vinyweleo vingi, basi mche ukafyonza maji na mbolea zaidi. Lakini ikizidi, mzizi hudumaa!

Mtaalamu Johanna Döbereiner aliwachunguza sana nchini Brazili miaka ya 1970. Leo wakulima wengi wa huko huzipaka mbegu bakteria hao kabla ya kupanda. Si kwamba mbolea itupwe, la! Ile inayotiwa ndiyo haipotei ovyo.

Jamani, sote twalia bei ya mbolea. Kumbe samadi na mabua yaliyooza hulisha viumbe wa udongoni. Tukichoma mabua yote, tunawanyima chakula vibarua wasiodai mshahara.